Koo la Mtoto Lisipuuzwe

Maumivu mengi ya koo huletwa na virusi, nayo hupona yenyewe kwa takriban wiki moja. Antibiotiki hazina kazi hapo. Ya kuogopwa ni yale ya bakteria wa streptokoka, hasa kwa watoto wa miaka 5 hadi 15. Homa huja ghafla bila kikohozi, mafindofindo huvimba na pengine kuwa na utando mweupe, na tezi za shingoni huuma zikiguswa.

Mtoto wa namna hiyo afikishwe zahanati mapema. Tabibu humulika koo, hupapasa shingo na kuuliza kama mtoto ana mzio wa penisilini. Akiridhika kuwa ni bakteria, huandika amoksilini ya siku 10, au huchoma sindano moja ya penisilini. Siku ya tatu homa huwa imeshuka, na hapo ndipo baadhi ya wazazi huacha kumpa mtoto dawa. Bakteria wakisalia, kinga ya mwili huweza kuugeukia moyo wenyewe: baada ya wiki 2 au 3 huzuka homa ya baridi yabisi, iwezayo kuharibu vali za moyo maisha yote.

Kukata kimeo, desturi ambayo bado ipo, hakuui bakteria hata mmoja. Huacha kidonda kinachoweza kuvuja damu nyingi.