Kuchagua Viongozi: Tutazame Vitendo

Wanachama wenzangu,

Kila tunapochagua Kamati, mpima mizani na mshika fedha, yafaa tukumbuke khabari ya mtu wa namna moja ambaye chama chochote kikimpa madaraka hukiharibu.

Waganga wa maradhi ya akili humwita saikopathi. Mtu huyu si mwenda wazimu. Akili yake ni timamu, na mara nyingi ni mcheshi na msemaji mzuri. Alichokosa ni huruma na majuto. Mchumaji akianguka mkarafuuni, yeye huhisabu pishi zilizomwagika. Daktari wa Kimarekani, Hervey Cleckley, alizieleza tabia hizi katika kitabu chake cha mwaka 1941, na baadaye mtaalamu wa Kanada, Robert Hare, akatunga orodha ya mambo 20 ya kumpimia mtu. Lakini kipimo hicho ni cha waliokisomea. Si halali yetu kumpachika jirani jina hilo kwa chuki za mtaani au za siasa. Kazi yetu ni kutazama vitendo.

Mfano ulio wazi ni wa Uganda. Idi Amin aliingia jeshi la Waingereza, KAR, mwaka 1946. Wakubwa wake walimpenda, kwani alikuwa hodari, mtiifu na bondia mashuhuri. Mwaka 1962, alipokuwa Luteni, askari wake walipelekwa kuzuia wizi wa ng'ombe katika nchi ya Waturkana, kaskazini ya Kenya. Baadaye zikaonekana maiti za watu walioteswa mpaka kufa. Wakubwa wa Kenya walitaka ashtakiwe. Gavana wa Uganda, Sir Walter Coutts, akamtaka shauri Waziri Mkuu, Milton Obote. Uhuru ulikuwa karibu, na maofisa wa Kiafrika katika jeshi la Uganda walikuwa wawili tu, naye Amin ni mmoja wao. Basi ikaamuliwa akaripiwe tu.

Tazameni yaliyofuata. Mwaka 1964 alifanywa naibu wa mkuu wa jeshi. Mwaka 1966 Obote alimtumia kulivamia jumba la Kabaka. Tarehe 25 Januari 1971, Obote akiwa safarini Singapore, Amin akampindua yeye mwenyewe. Watu kwa maelfu waliuawa, na mwaka 1972 Waasia walipewa siku 90 waondoke. Hakuondoka mpaka Aprili 1979, baada ya vita vilivyoua vijana wengi, na wa Tanzania wakiwamo. Hatusemi kwamba Amin alipimwa na daktari. Twasema kwamba alama ilionekana mapema, ikafumbiwa macho kwa kuwa mtu alihitajiwa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Na sisi tufanyeje?

Kwanza, tuulize khabari za mtu kwa waliofanya kazi chini yake: wachumaji, vibarua, wajane waliomkodisha mikarafuu. Wakubwa wake wasitutoshe, maana mtu huyu hujua sana kuwapendeza walio juu.

Pili, dhulma ikithibitika isifunikwe kwa sababu mtu ana elimu, au kwa sababu msimu umefika na kazi ina haraka.

Tatu, mtu mmoja asishike mizani, daftari na ufunguo wa kasha. Fedha zitolewe kwa saini za watu wawili, na hisabu zisomwe mbele ya wanachama wote.

Nne, kila cheo kiwe na muda wake, na mwanachama mnyonge kabisa aweze kuuliza bila kuogopa.

Mtu wa namna hii huwahadaa hata wataalamu, kwa hivyo tusijitumainie kwamba tutamjua kwa macho. Kanuni ndizo zitakazotulinda siku tutakapokuwa tumekwisha hadaika. Kiongozi mwema hapotezi kitu kwa kanuni hizi. Atakayezikasirikia, tumtazame mara ya pili kabla ya kumpa kura.

Wassalaam,
Katibu