Fundi na Amana ya Mteja

Kariakoo, mtaa uliopata jina lake kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, leo umejaa mafundi wa simu, redio na saa. Kazi yao ni ya heshima. Bi Aisha (r.a.) amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akishona viatu vyake mwenyewe.

Suala ni hili: simu ikipotea mikononi mwa fundi, nani alipe?

Kwa Imam Abu Hanifa, na ndiyo kauli yenye nguvu kwa Mashafii, ambao ndio wengi katika Pwani yetu, kilicho mkononi mwa fundi ni amana. Halipi ila amezembea. Wanafunzi wake, Abu Yusuf na Muhammad, wamesema alipe, isipokuwa kwa janga lisiloepukika, mfano wa moto mkubwa kama ule ulioteketeza Soko Kuu la Kariakoo Julai 2021. Imam Malik naye huwalipisha mafundi, kwa kulinda mali za watu. Imepokewa pia kwamba Sayyidna Ali (r.a.) aliwalipisha.

Ama fundi anayechomoa kipuri kizima na kuweka kibovu, huyo ni mhaini, na kulipa ni wajibu. Vilevile, simu isiyofuatwa na mwenyewe haiwi mali ya fundi kwa kupita siku tu. Suratun-Nisaa, aya ya 58, inaamrisha amana zirudishwe kwa wenyewe.

Basi tuwausie mafundi wetu waandikiane na wateja kabla ya kufungua chombo.

Wallahu a'lam.