Daraja la Dhahabu Tulilomnunulia Kijana

Mama mpenzi, kama nyumbani kwako kuna kijana anayependa muziki, ipo siku atakujia na ombi ambalo hutalielewa hata kidogo. Sisi akina mama wa usharika wetu lilitukuta. Kwaya ya vijana haikuwa na gitaa la besi, na mtoto wa mwenzetu mmoja, mjane, ambaye anajifunza useremala, akasema atalichonga mwenyewe kwa mbao ya mninga. Shingo alikuwa ameipata kwenye gitaa kuukuu lililopasuka. Kwetu aliomba kitu kimoja tu, daraja.

Daraja ni kile chuma kinachofungwa kwa skrubu juu ya ubao, upande wa chini wa gitaa, mahali nyuzi zinaposhikiliwa. Juu yake vimekaa vipande vidogo vinne vya chuma, kila kimoja kikibeba uzi wake. Sisi tukaviita vigoda. Nyuzi nne za besi zikikazwa huvuta kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 70, kana kwamba mtu mzima ananing'inia hapo usiku na mchana. Kwa hiyo si urembo, ni kazi.

Kijana alitaka daraja la kawaida, bamba la chuma lililokunjwa mwishoni, la mtindo wa Leo Fender. Huyo alikuwa fundi redio wa California, Marekani, aliyetoa gitaa la besi liitwalo Precision Bass mwaka 1951. La kwanza lile lilikuwa na vigoda viwili tu, kila kimoja kikibeba nyuzi mbili, hivyo ukiurekebisha uzi mmoja unamharibia jirani yake. Mwaka 1957 vigoda vikawa vinne, na mtindo huo bado unatumika hadi leo.

Lakini sisi tulipofika dukani macho yetu yaliangukia lingine, nene, zito, lililopakwa rangi ya dhahabu. Tukaambiana kwamba kitu cha kumtolea Mungu kisiwe cha bei rahisi. Fedha ilikuwa ya vitumbua tulivyouza miezi minne, nayo ikaisha yote. Hatukumwuliza kijana, tulitaka kumshangaza. Naye alipolifungua akashukuru kwa adabu, akalipima urefu wake kwa rula, akanyamaza.

Tuseme kwanza alichofanya vizuri, maana tulijifunza mengi kwa kumtazama. Kabla ya kutoboa tundu lolote alipima kutoka kwenye kizingiti cha juu cha shingo hadi freti ya 12, akapata milimita 432. Umbali huo huzidishwa mara mbili, ukawa milimita 864, ambao ndio urefu wa kawaida wa uzi wa besi. Hapo ndipo wengi hukosea, wakaliweka daraja lote kwenye alama hiyo. Uzi ukibonyezwa huvutika kidogo na sauti yake hupanda, kwa hiyo kila kigoda kinahitaji nafasi ya kurudi nyuma, na cha uzi mnene kuliko wote hurudi zaidi. Yeye aliweka alama ili kigoda cha uzi mwembamba kikae karibu na 864 kikiwa mbele, na vingine vipate njia ya kurudi.

Kisha akatuomba uzi wa cherehani. Alivuta nyuzi mbili kutoka kizingitini hadi kwenye vigoda vya pembeni, akainama kuangalia kama zinapita ndani ya kingo za shingo. Daraja letu lilikuwa na milimita 19 kati ya uzi na uzi, yaani milimita 57 kutoka wa kwanza hadi wa nne, na shingo ilizitosha. Kama zingepita nje, hakuna tupa ambayo ingesaidia. Mama, uzi wa shilingi chache ulituokoa na mashimo sita ya bure kwenye mninga.

Tatizo lilikuwa kimo. Hata vigoda viliposhushwa hadi mwisho, nyuzi zilisimama milimita 5 juu ya freti ya 12, wakati mpigaji hutaka 2 au 2 na nusu. Kijana hakulalamika. Alipiga hivyo hivyo wiki tatu za mazoezi, akikandamiza kwa nguvu zote, kwa sababu daraja lile lilikuwa zawadi ya akina mama.

Waliotutangulia kuona ni wale kati yetu tulio wauguzi. Alishika kikombe cha chai kwa mikono miwili. Tulipomwuliza, akakiri kwamba mkono wa kushoto unamuuma kuanzia kifundo hadi kwenye kiwiko, na vidole vinakufa ganzi usiku. Kiganja cha kulia alikuwa amekifunga kitambaa, kumbe skrubu ndogo za kupandishia vigoda zilichomoza na kumchana kila alipouegemeza mkono. Tulisafisha kidonda na kuuliza habari za chanjo ya pepopunda. Ganzi ya usiku si ya kupuuzwa kwa kijana anayetafuta riziki kwa randa na msumeno, basi tukamsimamisha kupiga kwa majuma mawili. Siku hiyo mama yake alitutazama kwa namna ambayo hatujaisahau.

Dukani hawakukubali kulirudisha. Ikabidi lirekebishwe. Zilikuwapo njia tatu: kuinua shingo kwa kipande chembamba cha mbao kwenye maungio yake, kusaga vigoda kwa chini, au kuchimba ubao ili daraja lizame. Kuinua shingo ndiko rahisi, na unaweza kubadili mawazo kesho. Lakini shingo hii ilikwisha kugundishwa kwa gundi. Akachagua kuchimba milimita 2 kwa patasi, kidogo kidogo, akilijaribu daraja kila mara, kisha akasaga vigoda kiasi kilichobaki. Tulimsisitiza avae miwani, kwani chembe ya chuma ikiingia jichoni haitolewi kwa pembe ya kanga kama vumbi. Skrubu ndefu akazibadili kwa fupi. Ncha kali za vigoda, zile zinazokata nyuzi na ngozi pia, akazilainisha kwa msasa. Dhahabu ikatoka sehemu nyingi.

Nyuzi zikarudi, akaanza kusawazisha sauti. Analinganisha mlio wa uzi ulioguswa tu juu ya freti ya 12 na mlio wa uzi uliobonyezwa pale pale, akitumia kipimo cha kwenye simu. Uliobonyezwa ukiwa juu, kigoda kinarudi nyuma. Ukiwa chini, kinakuja mbele. Ilichukua jioni nzima.

Halafu amplifaya ikaanza kunguruma kama mzinga wa nyuki. Chini ya daraja hupita waya mwembamba unaoliunganisha na sehemu za umeme za gitaa, na patasi ilikuwa imeukata. Fundi umeme alipokuja kuuunga, akauliza swali ambalo sisi hatukulifikiria: amplifaya inachomekwa wapi? Plagi yake ilikuwa ya miguu miwili, na vijana walizoea kuchokonoa tundu la juu la soketi kwa kijiti ili iingie. Soketi yenyewe, alipoifungua, haikuwa na waya wa ethi.

Sikiliza vizuri hapa, mama. Kwa waya ule mdogo, nyuzi anazoshika mwanao zimeunganishwa na chuma cha amplifaya. Amplifaya ikiharibika ndani na ethi haipo, umeme waweza kufika kwenye nyuzi. Naye akigusa maikrofoni ya chuma iliyounganishwa na mtambo mwingine, umeme hupita mwilini. Mwaka 1972, mjini Swansea huko Wales, mpiga gitaa Les Harvey wa bendi ya Stone the Crows alikufa jukwaani mbele ya watu kwa kugusa gitaa na maikrofoni yenye hitilafu ya namna hii. Dawa si kuukata waya wa daraja. Dawa ni soketi yenye ethi, plagi ya miguu mitatu, na fundi aliyesomea kazi hiyo kuipima. Na kama mtu amenaswa, usimshike. Zima swichi kubwa kwanza, kisha mguse.

Baraza la wazee lilikubali kulipia soketi za madhabahuni zote, baada ya maneno mengi kuhusu bajeti. Sisi tulianza tena vitumbua. Safari hii tulimpa mama yake bahasha, kijana akaenda mwenyewe kununua nyuzi mpya, akarudi na chenji na risiti.

Sasa anapiga kila Jumapili ibada ya pili. Mkono haumsumbui, ila bado tunamwuliza kila juma, naye anacheka na kukunja vidole mbele yetu ili tuhesabu.