Si uvivu, na kikundi kinaweza kusaidia



Hapa Kamina, mama akiacha kwenda shambani, akashinda ameketi mlangoni, majirani wanasema haraka: ni mvivu, ao amelogwa. Sisi walimu tunaona matokeo darasani: mtoto wake anafika bila kula na hasomi. Lakini mara nyingi mama huyo ni mgonjwa.

Mwaka wa 1954, huko Montreal, Kanada, wachunguzi James Olds na Peter Milner walitia waya mwembamba katika ubongo wa panya. Panya alipokanyaga kibao kidogo, umeme uligusa ubongo wake, naye akakikanyaga tena na tena. Hivyo walianza kujua kwamba ndani ya ubongo kuna njia inayotupa hamu. Njia hiyo inatumia kemikali iitwayo dopamini. Ukisikia harufu ya bukari na sombe, miguu inaelekea jikoni hata kabla ya kuonja: ndiyo kazi yake. Kwa watu wengi wenye ugonjwa wa huzuni, njia hiyo inaitika kidogo sana. Mama anawapenda watoto wake, lakini hamu ya kuanza kazi haiji. Matusi hayawezi kuirudisha.

Kuna dawa za hospitali, na kuna pia nguvu ya kikundi. Mwaka wa 2002, huko Rakai na Masaka, Uganda, uchunguzi ulifanywa katika vijiji 30. Katika nusu ya vijiji, wagonjwa walikutana kila juma kwa majuma 16, wakazungumza juu ya kufiwa, magomvi na mabadiliko ya maisha. Waliowaongoza hawakuwa waganga, walikuwa watu wa kwao waliofundishwa. Mwishoni, kati ya wagonjwa 100 wa vikundi, hawakufika 7 waliobaki na ugonjwa. Penye hapakuwa vikundi, walipita 54. Kwetu Kivu pia, uchunguzi uliotangazwa mwaka wa 2013 ulionyesha wamama waliotendewa jeuri wakipata nafuu katika vikundi.

Basi katika vikundi vyetu tufanye hivi. Tumtembelee mama, tumsikilize bila kumhukumu. Tumwombe kazi moja ndogo, kama kuchambua sombe pamoja nasi, si kulima shamba zima. Furaha ndogo inaweza kuamsha hamu. Huzuni ikipita majuma mawili, tumsindikize kwenye kituo cha afya. Akisema anataka kufa, twende naye siku ileile, tusimwache peke yake.