Istilahi za Vimelea vya Nje vya Samaki wa Maji Baridi

Kijitabu cha ufugaji wa samaki kikipelekwa Nachingwea au Ruangwa hakifiki mahali pasipo na maneno. Humkuta mkulima mwenye msamiati wake wa maradhi, wadudu na dawa, aliojifunza katika mikorosho. Wilaya hizo za Mkoa wa Lindi zilikuwa moja hata mwaka 1995, Ruangwa ilipofanywa wilaya ya peke yake, na korosho ndilo zao kuu la biashara katika zote mbili. Nyumbani wengi husema Kimwera, Kimakua, Kimakonde au Kiyao, lakini dawa ya mikorosho huelezwa kwa Kiswahili. Ubwiriunga ni ukungu upakao unga mweupe juu ya maua na majani machanga. Salfa ndiyo dawa yake. Mbu wa mikorosho ni mdudu afyonzaye machipukizi, wala si mbu hata kidogo. Mkulima huyo huyo akichimba bwawa na kutia perege au kambale, istilahi zetu za maradhi ya samaki huingia katika nyumba yenye wenyewe. Mfasiri asipowajua wenyewe hao, neno lake laweza kumfikisha mfugaji kwenye dawa isiyo yake.

Istilahi ya jumla haina taabu kubwa. Kimelea limekwisha kukubalika mashuleni na maofisini, na yafaa kuliko kidusia, ambalo kamusi hulitaja lakini wasemaji wachache hulitumia. Vimelea vya nje ni wale wakaao juu ya ngozi, mapezi na matamvua. Wa ndani ni wa matumbo na viungo vingine. Kupe lilipata kuvuma sana katika siasa ya miaka ya Ujamaa, pamoja na mirija, kwa maana ya mnyonyaji, na wako wafasiri ambao hata leo hulishika kila waonapo kiumbe aishiye kwa jasho la mwenziwe. Katika siasa lilifanya kazi yake vyema. Katika bwawa la samaki ni neno la hatari, na sababu yake tutaieleza sasa hivi.

Kimelea aonekanaye kwa urahisi zaidi ni yule ambaye wataalamu humwita Argulus. Ni kidude bapa, chenye kupenya nuru, upana wake kama milimita 5 hadi 10, chenye macho mawili meusi na vikombe viwili vya kujibandikia. Afrika ina pia jamaa yake, Dolops ranarum, mwenye kulabu mahali pa vikombe. Wote wawili ni wa ukoo wa kaa na kamba. Hutembea juu ya ngozi ya samaki, humchoma, humfyonza, na samaki hujisugua kwenye miti na mawe kwa mwasho. Je, tumwite kupe wa samaki au chawa wa samaki? Kwa desturi zake za uzazi, kupe lina haki zaidi. Chawa wa binadamu hutaga juu ya nywele za mtu, lakini huyu humwacha samaki akaenda kutaga juu ya mawe, mambo na vitu vigumu vilivyomo majini, kama kupe aachavyo ng'ombe akataga chini. Hata hivyo nachagua chawa. Kupe ana dawa yake ijulikanayo kila penye mifugo, nayo ni dawa ya josho. Baadhi ya dawa hizo, pamoja na nyingi zipulizwazo kuua mbu wa mikorosho, ni za jamii ya pairethroidi, ambazo huua samaki kwa kiasi kidogo mno, kipimwacho kwa sehemu za milioni za gramu katika lita moja ya maji. Mfugaji aambiwaye kwamba samaki wake wana kupe hatakuwa na kosa akienda kutafuta dawa ya kupe. Kosa litakuwa la aliyempa neno.

Lakini chawa nalo lisiachwe bila fasili, maana litamfanya mfugaji amhangaikie samaki peke yake na kuyasahau mayai. Fasili itaje kwamba mayai hayako juu ya samaki. Ndipo maelekezo ya kuzamisha mbao bwawani, na kuzitoa kila wiki ili zikaushwe pamoja na mayai yaliyotagwa juu yake, yatakapoeleweka.

Lernaea ana mkosi wa jina. Kiingereza humwita mnyoo, na wafasiri wetu wakamfuata, hali naye ni wa ukoo ule ule wa kaa na kamba. Jike huzamisha kichwa chenye umbo la nanga ndani ya nyama. Nje huonekana kama uzi mfupi uning'iniao, wenye vifuko viwili vya mayai mwishoni. Napendekeza kimelea nanga. Neno mnyoo humkumbusha mfugaji dawa ya minyoo ya kumezesha, ambayo haikukusudiwa kiumbe huyu.

Ugonjwa wa madoa meupe ndio unaohitaji uangalifu zaidi. Samaki huonekana kama aliyenyunyiziwa chembe za chumvi. Mfasiri akiandika ukungu mweupe, msomaji wa Ruangwa ataona ubwiriunga, na salfa iko ghalani. Ugonjwa huu si ukungu. Huletwa na kiumbe wa chembe moja aliyejificha chini ya tabaka la juu la ngozi, mahali ambapo dawa ya majini haimfikii. Akikomaa hujitenga na samaki, hushuka chini, hujigawa akawa mamia, na wale wachanga huogelea kutafuta samaki, nao hufa wasipompata katika siku 2 hivi. Hao waogeleao ndio dawa inaowapata. Kwa hiyo tiba hurudiwa, na katika maji ya nyuzi 25 hivi mzunguko wote huchukua siku chache tu. Nimepata kuona sentensi isemayo: “Tibu samaki mara moja.” Mwandishi alikusudia upesi, msomaji aweza kuelewa safari moja basi, akaacha kazi siku ile ambayo wachanga wanatoka. Katika maelekezo ya dawa, mara moja liachwe kabisa: tuandike upesi, au bila kukawia, na idadi ya marudio itajwe kwa tarakimu.

Kuhusu matamvua, sokoni watu husema mashavu, na mnunuzi hufunua shavu kutazama wekundu. Tamvua pia ni nyuzi za pindo la kitambaa, na atazamaye kiungo hicho ataona kuwa jina limekaa. Kijitabu kiandike matamvua na kutaja mashavu mara ya kwanza. Vimelea wengine wa matamvua hawaonekani ila kwa hadubini (si darubini, ambayo ni ya kutazamia mbali), basi mfugaji huongozwa na dalili: matamvua yaliyopauka na kujaa ute, samaki kutweta juu ya maji. Dalili hii ya mwisho huletwa pia na upungufu wa oksijeni, lakini huo huzidi alfajiri na kupungua jua likipanda.

Maneno ya tiba nayo yana mitego yake. Kuogesha samaki kwa chumvi ni kumtia katika chombo, gramu 10 kwa lita 1 ya maji, dakika 10 hadi 20 huku akitazamwa, na kumtoa mara aanzapo kuyumba. Si kumwaga chumvi bwawani. Chokaa ni jina la vitu kadhaa. Ile ambayo bado haijatiwa maji huunguza, na hutiwa katika bwawa lililokaushwa, lisilo na samaki. Ya kilimo ni pole. Kijitabu kisemacho chokaa tu hakijamwambia mfugaji anunue ipi.