Bima Hulugho: Mifugo Kwanza au Nyumba?

Sheria ya Kenya haimruhusu mtu kuendesha gari barabarani bila bima ya kuwalinda wengine. Mwenye nyumba hana sharti kama hilo. Anaweza kujenga jumba la mamilioni mjini Garissa, akahamia na aila yake, asikutane na wakala wa bima maisha yake yote. Anayebanwa ni aliyejenga kwa mkopo, kwa kuwa benki hudai jengo lililowekwa rehani liwe na bima. Huko Hulugho, karibu na mpaka wa Somalia, hata msukumo huo haupo sana: sehemu kubwa ya ardhi ya Kaunti ya Garissa ni ya jamii, na benki hutaka hati miliki yenye jina la mkopaji.

Kwa hiyo uamuzi unabaki kwa mwenye nyumba mwenyewe, na unategemea ni nyumba gani. Mfugaji anayehamahama anaishi katika aqal ya vijiti vilivyopindwa na kufunikwa kwa mikeka. Mwanamke ndiye huijenga na ndiye mwenyewe, na siku ya kuhama hupakiwa juu ya ngamia. Aqal ikiungua, jamaa na majirani huisimamisha tena upesi. Hakuna kampuni itakayotuma mtu kwenda kuithamini. Jengo la mawe la mfanyabiashara, lenye duka mbele na chumba cha kulala nyuma, ni habari nyingine. Saruji na nondo zake zimetoka mbali, kwa barabara isiyopitika mvua zikishika, na bidhaa zilizomo ndani mara nyingi zina thamani kubwa kuliko kuta zenyewe.

Hata hivyo, hakuna mkazi wa Hulugho asiye na kinga kabisa. Wasomali wana qaaraan, mchango wa ukoo kwa aliyefikwa na janga. Duka likiteketea, wazee hukutana, jina la mhusika hupelekwa kwa jamaa walioko Garissa, Eastleigh na ng'ambo, na fedha hurudi kwa simu. Utaratibu huu hauna fomu wala karani, na kwa msiba wa mtu mmoja hufanya kazi vizuri.

Udhaifu wake hujitokeza pale msiba unapowapata wote kwa pamoja. Kuanzia mwishoni mwa 2020, misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo katika Pembe ya Afrika, na kaunti kame za Kenya zikapoteza mifugo zaidi ya milioni 2. Katika hali kama hiyo, mchangiaji naye anahitaji kuchangiwa. Ndiyo sababu kwa mfugaji mali ya kwanza kukingwa ni mifugo, kwa kuwa ndiyo akiba yake, chakula chake na mahari ya wanawe.

Bima ya aina hiyo ipo. Taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ILRI, yenye makao Nairobi, iliizindua na washirika wake huko Marsabit mwaka 2010. Mwaka 2013 kampuni ya Takaful Insurance of Africa iliipeleka Wajir kwa njia inayofuata sharia ya Kiislamu, na mwaka 2015 serikali ikaanza kulipia ada za kaya zilizochaguliwa katika kaunti za Wajir na Turkana, kisha mpango ukafika kaunti nyingine za wafugaji, Garissa ikiwemo. Hakuna anayehesabu mizoga. Setilaiti hupima ukijani wa malisho, na ukishuka chini ya kiwango kilichowekwa katika mkataba, fidia hulipwa. Mapema 2017 zaidi ya kaya 12,000 katika kaunti sita zililipwa jumla ya takriban Sh214 milioni. Kasoro yake ni kwamba setilaiti husoma eneo zima: malisho yanaweza kuonekana ya kijani kwa wastani huku upande wa mtu mmoja ukiwa mkavu, au ng'ombe wakafa kwa ugonjwa, nayo bima isilipe kitu.

Kwa mwenye jengo la kudumu, bima ya kawaida ya makazi nchini Kenya huwa na sehemu kadhaa: jengo, vyombo vya ndani, vitu vya kubebwa kama simu na kompyuta, fidia ya mfanyakazi wa nyumbani akiumia kazini, na dhima kwa mgeni atakayedhurika. Mpangaji hana haja ya kulipia kuta zisizo zake. Anakinga vyombo vyake tu. Mwenye duka naye asidhani kwamba bima ya makazi inafunika bidhaa zake, kwani biashara huwa na mkataba wake.

Mkataba wa kawaida hulipia moto, radi, wizi wa kuvunja na, mara nyingi, mafuriko. Hilo la mwisho si dogo kwa Garissa: Aprili na Mei 2024 Mto Tana ulifurika, ukaingia katika makazi ya kando yake na kuikata barabara ya Nairobi. Ila vita na ugaidi kwa kawaida huachwa nje, na huhitaji kulipiwa kando. Kwa Hulugho, isiyo mbali na msitu wa Boni ambako operesheni dhidi ya al-Shabaab ilianzishwa Septemba 2015, kipengele hicho ndicho cha kusoma kabla ya vingine vyote.

Kingine ni thamani. Mtu aliye na nyumba ya kujengwa upya kwa Sh2 milioni, akaikatia bima ya Sh1 milioni ili kupunguza ada, halipwi hasara yote. Moto ukimharibia mali ya Sh600,000, kampuni itatoa Sh300,000, kwa kuwa alikinga nusu tu.

Wapo wanaojiepusha kwa sababu ya dini. Baraza la wanazuoni wa fiqhi la Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, lililokutana Jeddah mwaka 1985, liliikataa bima ya kibiashara lakini likakubali ile ya ushirika. Katika takaful, yaani bima hiyo ya ushirika, washiriki huchangia mfuko wa kusaidiana, kampuni hupata ujira wa kuusimamia, na ziada ikibaki inaweza kurudishwa kwa wachangiaji.

Basi anayehamahama aanze na mifugo. Nyumba yake ina ukoo wa kuijenga. Mwalimu au muuguzi aliyepanga akinge vyombo vyake ikiwa hawezi kuvinunua tena kwa mshahara wa miezi michache. Mwenye jengo la mawe lililobeba akiba ya maisha yake anahitaji bima, na aikate kwa gharama halisi ya kujenga upya. Kabla ya kulipa, ahakikishe kampuni ina leseni ya mamlaka ya bima, IRA, adai mkataba wenyewe badala ya maneno ya wakala, apige picha za nyumba na risiti, na picha hizo azihifadhi nje ya nyumba hiyo.