Je, Wajua? Faili Zisizokaa Kwenye Diski

Ni mjini Eldoret ambako mpango wa afya wa AMPATH ulianza kutumia OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa, mwaka 2006. Programu hiyo ya Java leo huweza kuendeshwa ndani ya kontena, na hapo ndipo hesabu hupotea: kwa kawaida /proc/meminfo huonyesha kumbukumbu ya seva nzima, wala si mgao wa kontena. Java za zamani ziliamini takwimu hiyo, zikajitwalia kupita kiasi, zikauawa. Mgao halisi umo /sys/fs/cgroup: memory.max ni kikomo, memory.current ni matumizi ya sasa. Faili hizo hazikai kwenye diski: kerneli ya Linux huziandika pale tu zinaposomwa. Atakayesema programu za ufuatiliaji zinatosha akumbuke kwamba nazo huchota humo humo. Na oom_kill, ndani ya memory.events, huhesabu michakato iliyouawa kwa kukosa kumbukumbu.